Karanga za Kongwa: Historia ya Vikwazo Visivyoulizwa

Mapema mwaka 1947, kundi la kwanza la Waingereza waliokuja kulima karanga lilipiga kambi Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mashariki ya Dodoma. Mkononi walikuwa na mpango uliokamilika kila safu: ekari milioni 3 na laki 2, paundi milioni 24, miaka 6. Haukutimiza hata miaka 4. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta, na paundi zaidi ya milioni 36 za walipa kodi wake zikaandikwa kuwa hasara.

Historia hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ujinga wa wakoloni, kisha watu hucheka na kuendelea na mambo yao. Mimi naiona kuwa somo la thamani kubwa kuliko hivyo, maana makosa ya Kongwa yanarudiwa hadi leo katika visima, barabara, skimu za umwagiliaji na majengo ya shule, na wanaoyarudia si wajinga. Kila mradi una vikwazo vyake: ardhi, maji, muda, fedha, watu, njia ya kupitisha mizigo. Mpangaji hachagui viwepo au visiwepo. Anachochagua ni mahali pa kukutana navyo: mezani, wakati kalamu bado inaweza kufuta, au shambani, wakati mashine zimekwisha kununuliwa na watu wamekwisha kuajiriwa.

Kabla ya 1946: Nchi iliyokwisha kutoa ushahidi

Ugogo ni nchi ya mvua moja. Hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kisha ardhi hukauka miezi mingi mfululizo. Mvua yenyewe ni haba, na ubaya wake mkubwa ni kutotabirika: mwaka mmoja yatosha, mwaka unaofuata yaja wiki chache na kupotea. Wagogo waliujenga uchumi wao juu ya hali hiyo. Walilima mtama na uwele, nafaka zinazovumilia ukame, na wakafuga ng'ombe wanaoweza kuswagwa kufuata maji na malisho.

Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuonyesha mipaka yake kwa uchungu. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ulipigwa na njaa ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Ukame ulikuwapo, lakini pamoja nao kulikuwa na vita: majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka na kuwakamata wanaume kuwa wapagazi. Watu wengi sana walikufa na wengine wakatawanyika. Aliyetaka kujua nchi hii inaweza kubeba mzigo kiasi gani alikuwa na jibu katika kumbukumbu za wazee waliokuwa hai.

Reli ya Kati nayo ilikuwa na ushahidi wake. Wajerumani waliijenga kutoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ilikuwa njia moja, inayopita mabonde ya mito ambayo hukauka kiangazi na kufurika masika. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa bado haina gati la kina kirefu. Meli zilitia nanga majini na mizigo ikateremshwa kwa matishali. Kiasi cha mzigo ambacho bandari ile na reli ile zingeweza kupitisha kwa mwezi kilikuwa jambo la kuuliza na kujibiwa.

1946: Wiki tisa

Vita Kuu ya Pili iliiacha Uingereza bila mafuta ya kula ya kutosha. Siagi, majarini na sabuni vilikuwa kwa mgawo, na dola za kununulia mafuta ng'ambo hazikuwapo. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipotembelea Tanganyika mwaka 1946 alipata wazo la kulima karanga kwa mashine katika mapori yasiyolimwa. Akalipeleka London. Serikali ya chama cha Labour ililipokea kwa hamu, na hamu hiyo ilikuwa na sababu nzuri: watu walikuwa wanahitaji chakula.

Watu watatu walitumwa kuchunguza. Kiongozi wao alikuwa John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Pamoja naye walikuwa David Martin, mtu wa mashamba makubwa wa United Africa Company, na John Rosa, mtu wa fedha kutoka Wizara ya Makoloni. Walikaa wiki 9, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka kwenye ndege. Septemba 1946 ripoti ilikuwa tayari: mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Themanini yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya.

Novemba mwaka huohuo serikali ilikubali. John Strachey, Waziri wa Chakula, akawa mtetezi mkuu wa mpango huo bungeni. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kufyeka na kupanda ekari 150,000.

Hapa ndipo historia hii ilipopinda. Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu mbili zilizoonekana kuwa na mantiki. Ilikuwa karibu na Reli ya Kati, na ilikuwa na wakazi wachache, hivyo hapangekuwa na mgogoro mkubwa wa ardhi. Sababu ya kwanza ilikuwa kweli nusu, maana kuwa karibu na reli hakukuonyesha reli ina nafasi kiasi gani. Sababu ya pili ilisomwa kinyume. Eneo lile halikuwa tupu kwa kusahauliwa. Lilikuwa na watu wachache kwa sababu lilikuwa na maji machache. Uchache wa watu ulikuwa jibu la swali la mvua, nao wakauchukua kuwa ruhusa.

Vilevile hapakuwa na shamba la majaribio. Takwimu za mvua za Kongwa zilikuwa za miaka michache mno kuonyesha tabia ya mvua isiyotabirika. Ekari mia chache zilizolimwa misimu miwili zingeonyesha karibu kila kitu kilichofuata. Lakini misimu miwili ilionekana kuwa anasa wakati watu wanapanga foleni kusubiri majarini. Muda ulitangazwa kuwa kikwazo kisichogusika, na kwa sababu hiyo vikwazo vingine vyote vilipewa namba za kudhaniwa ili vitoshee ndani yake.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ripoti ya 1946 ina hesabu nyingi. Kilichopungua ni maswali yaliyopelekwa kwa wenye majibu.

1947: Kila kikwazo nyuma ya kingine

Kazi ilianza kwa kukosa matrekta. Viwanda vya Uingereza na Marekani vilikuwa na oda za miaka mbele, kwa hiyo wanunuzi wakageukia mabaki ya vita na kununua mashine kuukuu za jeshi la Marekani zilizoachwa Ufilipino. Zikasafirishwa kuvuka Bahari ya Hindi hadi Dar es Salaam.

Hapo zilikuta bandari ya matishali. Mizigo ya mpango ikarundikana pamoja na mahitaji ya nchi nzima. Iliyofanikiwa kushuka ikaingia kwenye reli ya njia moja, karibu kilomita 400 kutoka pwani. Mto Kinyasungwe ulipofurika, maji yalisomba reli na safari zikakatika. Kituo cha reli kilichokuwa karibu na Kongwa ni Msagali, na kutoka hapo ilibidi kufungua njia mpya.

Mashine zilizofika zilianza kuharibika. Nyingi zilikuwa zimechoka tangu vitani. Karakana haikuwa tayari, vipuri vilikuwa ndani ya makasha ambayo bado yalisubiri bandarini, na vijana walioajiriwa kuziendesha hawakuwahi kukalia trekta, wala hapakuwa na muda wa kuwafundisha vizuri. Kufika mwisho wa kiangazi sehemu kubwa ya matrekta yalikuwa yamesimama.

Kisha pori lenyewe. Kutoka angani lilionekana kuwa vichaka vya kusukumwa na buldoza. Chini lilikuwa msitu wa miiba uliosukana, wenye mibuyu mikubwa na mizizi iliyofumana ardhini kama mkeka. Mafundi walibuni njia nzuri: wakafunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mashine mbili, zikatembea sambamba, na mnyororo ukalaza miti yote iliyokuwa katikati. Miti ikaanguka haraka. Kumbe kuangusha miti hakukuwa mlango mwembamba wa kazi ile. Mlango mwembamba ulikuwa mizizi. Kila ekari iliyolazwa iliongezeka kwenye ekari zilizosubiri kung'olewa mizizi, na kasi ya mwisho ilibaki ileile. Hiyo ni kanuni ambayo kila msimamizi wa ujenzi anaijua kwa mikono yake: kuongeza nguvu mahali pasipo na mkwamo ni kuongeza rundo la kazi zinazosubiri.

Baada ya mizizi ukaja udongo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, uliochanganyika na chembe za mchanga mkali zinazosaga majembe ya chuma. Mvua ikikoma, jua huukausha ukawa mgumu kama tofali. Karanga ni zao lenye tabia ya pekee: ua huchanua juu, kisha kikonyo huinama na kujichimbia ardhini, na ganda hukua huko chini. Zao hilo huhitaji udongo laini wakati wa kuzaa na wakati wa kuvuna. Katika udongo uliokauka, mmea ukivutwa hutoka mtupu na karanga hubaki ardhini.

Na nyuma ya vyote hivyo kulikuwa na watu. Maelfu ya wafanyakazi waliwekwa katika nchi ambayo chakula chake kilitosha wenyeji kwa shida. Bei zikapanda. Mishahara haikufuata bei, wala makazi na maji havikutosha. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasambaa kufuata reli hadi ukafika Kongwa. Waliopanga mradi walikuwa wamehesabu nguvukazi kwa idadi. Hawakuhesabu kwamba nguvukazi hula, hunywa, na hukumbuka bei ya unga ya mwezi uliopita.

Msimu wa kupanda ulipofika, ekari zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Lengo lilikuwa 150,000. Ni ekari 5 katika kila 100 zilizoahidiwa.

1948–1951: Kuhamisha tatizo

Mwaka 1948 shirika la serikali, Overseas Food Corporation, lilichukua mradi kutoka kwa United Africa Company. Mwenyekiti wake alikuwa Leslie Plummer. Hapo palikuwa na nafasi ya kusimama na kuuliza upya. Badala yake juhudi zilielekezwa kwenye kuondoa kikwazo kimoja kimoja kwa fedha. Matrekta yamekosekana? Kiwanda cha Vickers-Armstrong kikageuza vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani kuwa mashine za kufyekea, zikaitwa Shervick. Nazo hazikustahimili kazi. Reli iko mbali? Tawi likajengwa kutoka Msagali. Mwaka 1949 ukame uliipiga Kongwa, ukaunguza karanga na alizeti zilizokuwa zimepandwa pamoja nazo.

Ukame huo ulifichua tofauti ambayo mpango haukuwahi kuitaja. Viko vikwazo vinavyoondolewa kwa fedha, kama uhaba wa vipuri. Viko vinavyoondolewa kwa muda tu, kama ufundi wa dereva. Na viko ambavyo haviondolewi na chochote, kama mvua ya Ugogo. Kwa hivi vya mwisho, mtu hupanga mradi wake kuvizunguka, au hupeleka mradi mahali pengine. Waliosimamia Kongwa walitumia dawa moja kwa maradhi matatu.

Kupeleka mahali pengine kulijaribiwa. Urambo, magharibi, na Nachingwea, kusini, zilikuwa na mvua bora kuliko Kongwa. Lakini Nachingwea haikuwa na reli wala bandari. Ili kufyeka Nachingwea zilihitajika mashine. Ili mashine zifike ilihitajika reli. Ili reli ijengwe ilihitajika bandari ya kushushia vyuma. Mtwara, yenye ghuba ya kina kirefu, ikachaguliwa. Kazi ya kujenga njia ya kutolea karanga ikaendelea kwa miaka wakati karanga zenyewe zinapungua kwenye makaratasi. Mwaka 1949 lengo lilishushwa hadi ekari 600,000, na mwishoni mwa mwaka huo Wakefield na Rosa waliondolewa kwenye bodi. Januari 1951 mpango wa karanga ulikomeshwa. Gati la Mtwara lilikamilika mwaka 1954, miaka 3 baada ya mzigo liliokusudiwa kuubeba kukosekana. Reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Gharama kubwa kuliko paundi haimo katika hesabu ya London. Wagogo walipoteza malisho na pori, bei za chakula ziliyumba katika nchi inayoijua njaa kwa jina, na wakulima wa Tanganyika walipewa kwa miaka mingi somo lisilo sahihi: kwamba maendeleo ni kitu kinachoshuka kutoka juu kikiwa na ngurumo, kisha huondoka.

1957–1958: Vikwazo vyapata hesabu

Miaka michache baada ya Kongwa kufungwa, wahandisi wa Marekani walianza kuandika kwa hesabu kile ambacho mafundi wazuri walikijua kwa uzoefu. Mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walitengeneza mbinu ya kupanga shughuli za mradi kama mtandao: ipi haiwezi kuanza kabla ya ipi kwisha, na ni mnyororo upi wa shughuli unaoamua tarehe ya mwisho. Ukichelewa ndani ya mnyororo huo, mradi wote umechelewa. Ukichelewa nje yake, pengine hakuna atakayetambua. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani lilitumia mbinu ya jamii hiyo, PERT, katika mradi wa makombora ya Polaris, na kwa kila kazi ikaomba makadirio matatu ya muda: bora, ya kawaida, na mabaya. Mwaka 1984 Eliyahu Goldratt, katika kitabu chake *The Goal*, alilifikisha wazo hilo kwa wasomaji wa kawaida: kila mfumo una mahali pamoja panapoamua kasi yake, na kuboresha mahali pengine ni kupoteza nguvu.

Ukiitazama Kongwa kwa jicho hilo, mnyororo wake waonekana wazi: bandari, reli, karakana, mizizi, udongo, mvua. Hesabu ya mtandao isingeleta mvua. Lakini ingewalazimisha watu kuchora mshale kutoka bandarini hadi shambani, na anayechora mshale hulazimika kuandika juu yake siku ngapi.

1965–1975: Reli ya Uhuru

Nchi ileile, sasa ikiitwa Tanzania, ilipata mtihani mwingine mapema mno. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha shaba yake kusini, ikajikuta imefungiwa. Mwalimu Julius Nyerere na Rais Kenneth Kaunda walitaka reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyokuja kuitwa TAZARA. Ripoti kadhaa za mashirika ya Magharibi zilikuwa zimeona haitalipa. China ilikubali, na mkataba wa kwanza ukatiwa saini Beijing Septemba 1967.

Tofauti na Kongwa ilianzia hapo. Ujenzi haukuanza 1967. Ulianza Oktoba 1970. Katikati ya tarehe hizo wapimaji wa Kichina, pamoja na wenzao wa Tanzania na Zambia, walipita katika njia nzima kwa miguu: Selous, bonde la Kilombero, milima ya Uhehe na Ubena, nyanda za Mbeya. Waliiona ardhi kwa nyayo zao kabla ya kuikatia bei. Makubaliano ya fedha yalikamilishwa Julai 1970, baada ya upimaji kumalizika: mkopo wa yuani milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30.

Upimaji ulionyesha mapema mahali ambapo mradi ungekwama. Haikuwa urefu wa kilomita 1,860. Ilikuwa kipande kimoja, Mlimba hadi Makambako, kilomita 157 tu, ambako reli hupanda kutoka bonde hadi nyanda za juu kupitia makorongo na udongo unaoporomoka. Kipande hicho kina mahandaki 18 kati ya 22 ya reli yote. Kwa hiyo njia ya Dar es Salaam hadi Mlimba ilisukumwa kwanza na kwa kasi, ikafika Mlimba mwishoni mwa 1971, ili vyuma, saruji na baruti vifike kwa reli chini ya milima badala ya kutegemea barabara za udongo. Nguvu kubwa ya watu na vifaa ikakusanywa mahali pagumu. Kipande kirefu kilichofuata, cha kuelekea Zambia, hakikuwa na ugumu huo, na kikaenda upesi.

Kikwazo kingine kilikuwa cha fedha, nacho kilipata ufumbuzi wa kipekee. Mkopo wa yuani haulipi mshahara wa kibarua wa Ifakara wala haununui ng'ombe wa Mbeya; hayo yanahitaji shilingi. Tanzania na Zambia hazikuwa na shilingi na kwacha za ziada. Serikali tatu zikakubaliana kuwa China italeta bidhaa, vitambaa, baiskeli, vyombo, zikauzwa madukani, na fedha ya mauzo itumike kulipia gharama za ndani za reli. Mpango huo haukuwa na raha kwa kila mfanyabiashara, lakini kikwazo kilitajwa kwa jina lake mezani na kikapewa njia ya kupita.

Juni 1975 reli ilifika Kapiri Mposhi. Njiani ilivuka madaraja 320. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika ujenzi, na pamoja nao Watanzania na Wazambia. Makaburi ya wengi wa Wachina hao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Julai 1976 reli ilikabidhiwa rasmi kwa nchi zake mbili.

Baada ya 1976: Ufa ulioachwa

Haki ya historia hudai kusema upande wa pili. Vikwazo vya kujenga vilipimwa vizuri kuliko vikwazo vya kuendesha. Reli ilibuniwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka, na haijawahi kufikia kiasi hicho. Vichwa vya treni vya kwanza vilikuwa na nguvu ndogo kwa milima ile, na viliharibika haraka kuliko karakana zilivyoweza kuvitengeneza. Maporomoko na mafuriko vilikata njia. Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua madaraja ya mto Chambeshi, Zambia. Na upana wa reli, milimita 1,067 wa kulingana na Zambia, haulingani na Reli ya Kati ya milimita 1,000, kwa hiyo nchi moja ikapata reli mbili zisizoweza kupokezana behewa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. TAZARA ilimaliza mtihani wa ujenzi mapema kuliko ratiba, kisha ikakutana na mtihani wa pili ambao haukupangiwa maandalizi yaleyale: vipuri, mafundi, na uongozi wa nchi mbili kwa miaka 50. Mradi hauishi siku ya kukata utepe. Siku hiyo vikwazo hubadilika sura tu, na orodha yake inapaswa kuandikwa upya.

Kongwa leo

Kongwa haikubaki magofu. Sehemu ya ardhi ya karanga ikawa ranchi ya ng'ombe. Katika miaka ya 1960 wapigania uhuru wa Namibia, Msumbiji, Afrika Kusini, Zimbabwe na Angola walipewa kambi hapo, na jengo la zamani la kituo cha reli ya karanga likawa miongoni mwa majengo yao ya kwanza. Nachingwea nako FRELIMO walifungua kambi katika mashamba yaliyobaki. Urambo ikageuka kuwa nchi ya tumbaku. Bandari ya Mtwara inasafirisha korosho. Walichojenga wapangaji wa 1946 kilipata matumizi, mara nyingi na watu ambao mpango haukuwahesabu.

Lakini jibu la historia hii liko mahali padogo zaidi. Msimu wa mvua, wakulima wa Kongwa wanapanda karanga. Wanazipanda katika vipande vya ekari moja au mbili, mara nyingi pamoja na mtama au alizeti. Wanachagua mahali ambapo udongo umelegea, wanapanda mvua inaposhika, na wanang'oa kabla ardhi haijakaza. Mwaka ukiwa mbaya, mtama unabaki. Mwaka ukiwa mzuri, gunia la karanga linakwenda sokoni Kibaigwa au linabaki nyumbani kuungia mboga.

Ardhi ya Kongwa haikuwahi kukataa karanga. Ilikataa ekari laki moja na nusu kwa mwaka mmoja, kwa chuma kilichochoka, juu ya reli moja, bila kuuliza mvua. Zao ni lilelile na udongo ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba anayelima leo ameanza na vikwazo, akakata shamba lake kwa kipimo chao.